Venye kila kiatu cha mbio kinaskika mguuni, na jinsi ya kujua chako ni gani

Watu wengi wakitaka kununua raba za kukimbia wanauliza swali moja tu, gani ni poa, Nike ama Hoka ama Asics, na kila nikiulizwa hivyo narudisha swali: poa ya kukimbilia wapi, kwa spidi gani, na ukishachoka unakanyaga vipi? Juu kiatu kile kile kinaweza kukubeba fiti kabisa kwa lami ya Ring Road hapa Kisumu, halafu ukienda nacho ile njia ya kupanda Menengai kule Nakuru, yenye mawe na vumbi, kikutegue kifundo cha mguu kabla hujafika juu. Uzuri wa kiatu unategemea mguu na barabara, na utaujua tu ukiwa mbioni, sana sana kuanzia dakika ya arobaini kwenda mbele wakati miguu imeanza kuwa mizito.

Wacha basi nieleze kile unachoskia kinatoka wapi, halafu venye unaweza kukijaribu mwenyewe, na venye unaweza kupata kiatu cha maana hata kwa mitumba ya soko la Kibuye kama pesa ni ya kuhesabu.

Sponji

Ukikanyaga, kitu ambacho mguu unakutana nacho kwa ukweli ni sponji ya katikati, ile iko kati ya soli ya chini inayogusa barabara na ile soli ya ndani ambayo unaweza kuitoa. Hapo ndipo karibu kila kitu kinaamuliwa. Sponji ya kawaida inaitwa EVA, ndiyo iko kwa viatu vingi vya bei ya chini na ya kati, haina maneno mengi, inashuka kidogo na kurudi pole pole, na inabadilika na hali ya hewa. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari na joto letu unalijua, hapa EVA inakuwa laini, lakini chukua kiatu hicho hicho upande nacho Iten, mita 2,400, ukimbie alfajiri kabla jua litoke, utadhani umevaa kiatu cha mtu mwingine juu baridi inaifanya ngumu. Kwa hivyo rafiki yako wa Eldoret akikwambia kiatu fulani ni kigumu na wewe hapa unakiona laini, mnaweza kuwa mnasema ukweli wote wawili.

Ya pili ni TPU, ile Adidas walileta mwaka wa 2013 kwa jina la Boost, utaitambua ni chembechembe nyeupe zimeshikana. Ni nzito kiasi lakini inakurudisha vizuri, baridi haiisumbui sana, na inadumu, ndiyo maana hata Boost ya mitumba ikiwa haijalika chini bado unaweza kuskia uhai ndani yake. Ya tatu ndiyo watu wanaitafuta sasa, PEBA, iko kwa viatu vya mashindano, Nike ile yao wanaiita ZoomX. Hii ni nyepesi sana, ukikanyaga inazama mbali halafu inakusukuma juu kwa nguvu, na mara ya kwanza ukiivaa lazima utabasamu. Shida ni kwamba inachoka mapema kuliko zile zingine na kwa kona inayumba.

Sasa kuna kitu nataka ushike vizuri. Ulaini wa hatua ya kwanza unadanganya. Kiatu laini sana ukiwa umesimama kinaskika kama raha, lakini ukikimbia kilomita nane mguu unaanza kufanya kazi ya kujisawazisha kila hatua, misuli midogo ya kifundo na ya unyayo inachoka, na unamaliza ukiwa umechoka kuliko vile ungechoka na kiatu kigumu kidogo. Kuna watu miguu yao inapenda ulaini, sawa, na kuna watu wepesi wa mwili ambao sponji ngumu haiwezi hata kushuka chini yao kwa hivyo wanaiskia ni mbao, na mtu mzito akivaa sponji laini inashuka yote mpaka inaisha. Uzito wako una maana sana kwa hii mambo. Ukisoma mtu akisifu kiatu, jua kwanza yeye ana kilo ngapi.

Dropu

Dropu ni tofauti ya urefu kati ya kisigino na mbele, inapimwa kwa milimita. Nike Pegasus, ambayo imekuwepo tangu 1983, siku hizi iko kama 10. Hoka nyingi ziko kama 4 ama 5. Enda Iten, kile kiatu cha kampuni ya Wakenya, kilitoka na dropu ya 4. Altra nyingi ni sufuri, kisigino na vidole viko usawa mmoja.

Kwa mguu inaskika hivi: dropu ikiwa juu unatua kwa kisigino kwa urahisi na kazi nyingi inaenda kwa goti, dropu ikishuka kazi inahamia kwa kigimbi na ile kano ya nyuma ya kisigino. Kwa hivyo kama goti linakusumbua dropu ya chini inaweza kukusaidia, na kama ni kano ya kisigino ndiyo inauma asubuhi ukiamka, usiguse dropu ya chini kabisa, tafuta 8 kwenda juu. Na kama umezoea 10 halafu unataka kuingia 4 ama sufuri, fanya pole pole, mbio fupi mara moja ama mbili kwa wiki, zile zingine uvae cha zamani, kwa wiki kadhaa. Vigimbi vitauma kiasi, hiyo ni kawaida, lakini kano ikianza kuuma, rudi nyuma mara moja.

Kuna wale watakwambia lazima utue na mbele ya mguu juu Wakalenjin hukimbia hivyo. Ni kweli kuna utafiti wa 2010 uliofika mpaka Bonde la Ufa ukaonyesha vijana waliozoea kukimbia pekupeku wanatua na mbele mara nyingi. Lakini 2013 wengine wakapima Wadaasanach huko kaskazini mwa Kenya, nao pia ni watu wa kutembea pekupeku, na wengi wao kwa spidi ya kawaida walitua na kisigino. Kwa hivyo acha mguu utue venye unajua, ukiongeza spidi utaona wenyewe unasogea mbele.

Sasa aina zenyewe

Kile cha kila siku, Pegasus, Brooks Ghost, Saucony Ride, Asics Cumulus, hizo zote ziko kwa familia moja. Hakuna kitu kikubwa utaskia, na hiyo ndiyo sifa yake. Kinashika lami, kinavumilia barabara ya changarawe, ukikaza spidi kinakubali, ukienda pole pole hakikusumbui. Kama una pesa ya jozi moja tu ya viatu, nunua hapa na usiangalie pembeni. Nasema hivi na moyo wote, juu nimeona vijana wengi wakinunua kiatu cha mashindano kama kiatu chao cha pekee halafu baada ya muda mfupi wako nje na ugoko unauma.

Halafu kuna zile nene, Hoka Clifton na Bondi, Asics Nimbus, New Balance 1080. Hoka ilianzishwa Ufaransa mwaka wa 2009 na watu wa mbio za milimani, shida yao ilikuwa kushuka milima kwa kasi bila kuumia mapaja, na ukiivaa ukishuka mlima wa Riat kuja mjini utaelewa walikuwa wanafikiria nini. Mteremko ule unaua mapaja, ni mrefu na lami ni ngumu, na kiatu kinene kinakufanya uuskie mgongano kidogo. Soli yake pia imepinda mbele kama pua ya boti za wavuvi wa Dunga, kwa hivyo mguu unabingirika wenyewe bila vidole kukunjana sana. Mtu ambaye gumba lake linauma kwa kiungo anapenda hii sana. Lakini ukigeuka kupanda Riat na kiatu kile kile, unaskia kama unapanda kwa mchanga, nguvu unayosukuma inapotea ndani ya sponji. Na kwa njia ya mawe uko juu sana, hauskii jiwe mpaka limeshakugeuza mguu. Kwa hivyo kinene ni cha lami na cha siku ya kupumzisha miguu, baada ya mbio ndefu ama baada ya spidi.

Kuna vile vya kuzuia mguu kuingia ndani, yaani kulalia upande wa ndani ukikanyaga, Asics Kayano na Brooks Adrenaline kwa mfano. Kwa zile za zamani ukiangalia upande wa ndani, chini ya uvungu wa mguu, utaona sponji ya rangi ya kijivu ambayo ukiifinya ni ngumu kuliko ile nyingine. Hii imejaa sana kwa mitumba, na mtu anaichukua bila kujua halafu anashangaa mbona uvungu unasukumwa kila hatua. Watu walikuwa wanaambiwa ukiwa na mguu bapa lazima uvae hii, lakini watafiti wa Denmark walifuata wakimbiaji wapya 927 mwaka mzima, wote wakiwa na viatu vya kawaida, matokeo yakatoka 2014, na wale ambao miguu yao inaingia ndani kiasi hawakuumia zaidi ya wengine. Kwa hivyo usinunue kwa sababu ya umbo la mguu peke yake. Ukivaa ukaskia umeshikwa vizuri na goti linakaa sawa, chukua. Ukiskia kitu kinakusukuma, acha.

Vile vyembamba vya mashindano vya zamani, vya chini na vyepesi. Siku hizi watu wanavidharau lakini Dennis Kimetto alipokimbia marathon kwa 2:02:57 pale Berlin 2014 kiatu chake kilikuwa Adidas Adios Boost, cha chini tu, hakina pleti ya kaboni, kile kibao chembamba kigumu cha ndani ya sponji. Ukivaa hivi unaskia barabara yote, kila jiwe, na miguu inazunguka haraka yenyewe. Kwa uwanja wa udongo na kwa fatleki, yale mazoezi ya kubadilisha spidi, kwa barabara ya vumbi bado naona hakuna kitu inavishinda, juu uko karibu na ardhi na ukikata kona hauyumbi. Shida tu ni kwamba ukiwa na kilo nyingi ama ukienda mbali kwa lami, vigimbi vitalia.

Na sasa pleti ya kaboni, hii inataka maneno. Mei 2017 Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathon kwa 2:00:25 kule Monza na Nike Vaporfly, Oktoba 2019 akaenda Vienna akapiga 1:59:40 na Alphafly ambayo ilikuwa bado haijatoka sokoni, na Oktoba 2023 Kelvin Kiptum akaweka 2:00:35 Chicago. Tangu 2020 World Athletics, wasimamizi wa riadha duniani, wamesema kiatu cha barabara kisizidi milimita 40 za unene na pleti iwe moja tu. Kwa mguu hivi viatu vinaskika hivi: ukitembea ni vya ajabu, vinakusukuma mbele kama unataka kuanguka, ukikimbia pole pole vinagonga na kuyumba, halafu ukifika spidi fulani ghafla kila kitu kinakaa mahali pake, hatua inakuwa ndefu bila wewe kuongeza nguvu na unaangalia saa unaona umeenda haraka kuliko ulivyodhani. Na kesho yake vigimbi haviumi sana, hiyo watu wengi wanaipenda kuliko hata spidi yenyewe.

Lakini watafiti wa Colorado kule Marekani waliopima Vaporfly ya kwanza wakapata inapunguza nguvu kwa asilimia 4, hiyo ni wastani, na waliopimwa walikuwa wanakimbia kilomita 14 mpaka 18 kwa saa. Kilomita 14 kwa saa ni dakika 4 na sekunde 17 kwa kilomita moja. Kama wewe kilomita yako ni dakika sita na nusu, usitegemee asilimia 4, unaweza kupata kidogo ama usipate kitu. Pia mzigo haupotei, unahama, na madaktari wameandika visa vya wakimbiaji waliopata ufa kwa mfupa wa juu ya uvungu wa mguu wakitumia viatu vya pleti. Kwa hivyo kama unavyo, viweke kwa mashindano na kwa zoezi moja la spidi kila baada ya muda ili mguu uvizoee, na usivipeleke kwa njia ya mawe kabisa. Pleti haijui kukunja na jiwe, jiwe likikaa upande mmoja kiatu chote kinalala.

Vya milimani, vile vya meno chini, nitasema kidogo tu. Kwa lami unaskia vinauma unyayo na meno yanaisha haraka. Kwa udongo mwekundu wa huko Kaptagat na Iten wakati wa mvua, hapo ndipo mahali pake, juu ile njia ikilowa inateleza vibaya. Kwa udongo mweusi wa Kano, ukitoka Ahero kuingia ndani, meno makubwa hayasaidii sana, ule udongo unashika na kujaa kati ya meno mpaka kila mguu unabeba kilo ya matope. Siku ya mvua Kano, baki kwa lami. Na vumbi la Nakuru ni laini sana, linapita kwa kitambaa chenye matundu makubwa na kusaga ngozi ndani ya soksi, kwa hivyo ukiwa unakimbia sana upande wa Menengai ama Njoro, tafuta kiatu chenye kitambaa kilichosukwa karibu karibu hata kama kina joto kidogo. Hapa Kisumu ni kinyume, tafuta kinachopitisha hewa.

Jinsi ya kujaribu

Chagua njia moja na uitumie kila mara. Iwe na tambarare, mlima kidogo, mteremko, na kona moja kali, hata kama yote ni kilomita tano. Ukijaribu kiatu kimoja kwa tambarare na kingine kwa mlima hujalinganisha chochote. Vaa soksi zile zile. Usijaribu kiatu kipya siku baada ya mbio ndefu, miguu ikiwa imechoka kila kiatu ni kibaya.

Kuna njia moja nzuri sana ya kuona tofauti ya viatu viwili haraka: vaa kimoja mguu wa kushoto na kingine wa kulia, kimbia taratibu kama mita 200, halafu badilisha miguu urudie. Watu watakuangalia, wacha waangalie. Tofauti ambayo ungechukua wiki kuitambua unaiskia papo hapo, upande gani unazama, upande gani unarudisha, upande gani uko juu. Usifanye hivyo mbali wala kwa spidi, hasa kama dropu ni tofauti, ni ya kuskia tu.

Kisha kimbia na kimoja mbio kamili na uskize haya. Sauti kwanza, kiatu kikipiga barabara paa paa ni kigumu mbele ama umbo lake halikubaliani na venye unatua, kile kinachokufaa huwa kimya zaidi. Kwa mteremko skia kama vidole vinagonga mbele, vikigonga kucha zitakuwa nyeusi, hiyo haina mjadala. Kwa kona skia kama mguu unateleza ndani ya kiatu ama kiatu kinalala upande. Kwa mlima skia kama kisigino kinapanda na kushuka, hapo ndipo malengelenge yanatoka. Angalia pia joto, kama kuna sehemu moja inawaka, chini ya vidole ama pembeni, itageuka kidonda ukienda mbali. Na kilomita ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote: je, unafikiria kiatu? Ukimaliza mbio na hukukumbuka umevaa nini, hicho ni chako. Andika kwa simu maneno mawili matatu ukiwa bado unatoa jasho, ukioga tu umesahau.

Kitu ingine, barabara zetu zimeinama pembeni ili maji yatoke, na sisi tunakimbia pembeni tukiangalia magari yanayokuja, kwa hivyo mguu mmoja uko chini siku zote. Ukiskia kiatu kinasukuma mguu mmoja tu, kabla hujalaumu kiatu, jaribu mahali palipo sawa, hata ndani ya uwanja.

Saizi na mitumba

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, na belo ikifunguliwa zile kamera, yaani safi kabisa, zinaenda mapema, ukija saa nane mchana umebakiza fagia, yale mabaki. Muuzaji atakwambia, "Kasitoma, hii ni orijino, vaa tu itapanuka." Haitapanuka. Kiatu cha mbio kikikubana pale pale, kitakubana mpaka mwisho, sponji ya EVA inalegea kidogo kilomita za kwanza lakini upana wa kiatu unabaki.

Saizi za Uingereza, Marekani na Ulaya zinachanganya, kila kampuni ina yake. Angalia lebo ndani ya ulimi wa kiatu, tafuta sentimita. Nike ya sentimita 27 ni 8 ya Uingereza, lakini Adidas ya sentimita 27 hiyo hiyo wanaiita 8 na nusu. Pima mguu wako nyumbani, simama kwa karatasi ukiwa na uzito wote, jioni wakati mguu umevimba, halafu uende na namba ya sentimita kichwani. Mbele ya kidole kirefu iache nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na kwa joto la Kisumu usipunguze hapo, mguu unavimba ukikimbia.

Ukishika kiatu cha mitumba, fanya hivi kabla ya kuuliza bei. Kiweke mahali palipo sawa ukitazame kutoka nyuma, kikiwa kimelala ndani ama nje, mwenye alikuwa nacho alishakipinda na kitakupinda wewe. Finya sponji upande kwa kidole gumba, iliyo hai inarudi, iliyokufa inabaki na alama ama ni ngumu kavu. Angalia mikunjo kwa ukuta wa sponji, mikunjo mingi mirefu chini ya kisigino ni dalili imeshuka. Geuza uone chini, raba ikiwa imelika mpaka sponji imetokea, rudisha. Kunja kiatu, cha kawaida kikunje pale vidole vinapokunjia, kikikunja katikati kimekufa, na kikikataa kukunja kabisa basi kinaweza kuwa na pleti. Kwa lebo nyingi za Nike na Adidas utapata tarehe kilipotengenezwa, mwezi na mwaka. Kiatu cha miaka kumi hata kama hakijavaliwa, gundi inaweza kuachia ukiwa katikati ya mbio na soli ikabaki barabarani. Nusa pia, ukiskia gundi ya fundi, angalia mahali alibandika. Kubandikwa si vibaya kwa kiatu cha kutembea, lakini kwa mbio ukiskia mstari mgumu chini ya unyayo utajuta.

Feki nazo ziko, na mguu unazijua kabla ya macho: uzito. Kila gramu 100 kwa kila kiatu zinakuongezea kama asilimia 1 ya nguvu, na feki nyingi ni nzito na sponji yake hairudishi chochote. Beba kiatu mkononi pamoja na kingine cha aina hiyo ulichonacho nyumbani, ulinganishe.

Upande wa Eldoret na Iten utakuta pia viatu ambavyo wanariadha wametumia kiasi. Sponji ya mashindano ambayo imeshapiga mbio nyingi za mazoezi inaonekana nzuri kwa macho lakini ile nguvu ya kurudisha imeisha. Finya, ruka ruka nayo, usinunue jina.

Kiatu kikianza kuisha

Viatu vingi vya kila siku vinaenda kati ya kilomita 500 na 800, vya mashindano chini ya hapo. Lakini mwili unakwambia kabla ya hesabu. Ugoko unaanza kuuma bila sababu, goti moja linaanza kulalamika asubuhi, unaskia barabara kuliko zamani. Njia nzuri ya kujua ni ile ya kiatu kimoja kila mguu, ukipata kipya cha aina hiyo hiyo vaa kimoja kipya na kimoja cha zamani, utashangaa kile cha zamani kimeshuka kiasi gani. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya maka chini ya soli ya ndani, haitafutika haraka.

Ukiweza kuwa na jozi mbili tofauti, uzibadilishe badilishe. Watafiti wa Luxembourg walifuata wakimbiaji 264 na wale waliokuwa wanabadilisha jozi walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 39. Si lazima ziwe ghali, moja ya kila siku na moja nyembamba ama nene kulingana na mazoezi yako inatosha, ile tofauti yenyewe inapumzisha sehemu tofauti za mguu. Na msimu wa mvua utashukuru, juu moja inakauka wewe ukiwa na nyingine.

Kukausha, toa soli ya ndani na kamba, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo, badilisha magazeti yakilowa. Usiweke juu ya mabati jua kali, usiweke karibu na jiko, moto unaharibu gundi na sponji inajikunja. Matope yaache yakauke kwanza ndiyo uyatoe kwa brashi, na uoshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, kwa mkono.

Kamba pia zina kazi yake. Kama kisigino kinapanda, tumia lile tundu la mwisho kabisa juu ambalo watu wengi wanaliacha, tengeneza kitanzi kila upande, pitisha kamba ya upande mwingine ndani ya kitanzi, vuta chini ndiyo ufunge. Kama juu ya mguu panauma, ruka tundu moja hapo panapouma. Na kabla ya mteremko mrefu kama wa Riat simama kidogo, gonga kisigino nyuma ya kiatu, kaza kamba za juu na ulegeze za mbele, halafu ushuke.